Yaya Aliyelea Mashini Zetu

Jumatano, tarehe tano, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilipiga usiku, asubuhi ikabaki manyunyu tu kutoka upande wa milima, kisha jua likatoka kabla watu hawajamaliza kulalamika. Ziwa leo lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

Neema, ambaye sasa ameshika kazi yangu pale mashini ya kusaga, aliniomba niandike namna tulivyofanya kazi, ili yeye na watakaokuja wasome. Nilimwambia mi nilifika mwaka wa sita wa primeri, na hata huo sikuumaliza vizuri. Akasema, "Mama Sifa, andika tu vile unasemaka." Kwa hiyo ninaandika vile ninavyosema. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Kama kuna mtu anakumbuka tofauti, labda yeye ndiye anakumbuka vizuri.

Siku yangu ya kwanza sikugusa kitu. Aliyenifundisha ni Mzee Etabo, aliyesaga hapa mjini Baraka tangu mi niko msichana. Nyumba ya mashini ilikuwa palepale ilipo sasa, kwenye njia inayoshuka sokoni, bati juu na ukuta wa matofali upande mmoja tu. Ndani kulikuwa na mota ya mazutu, yaani dizeli, mashini ya mihogo na mashini ya mpunga. Mzee alinikalisha juu ya mfuko mtupu akasema, "Leo unasikiliza." Nikasikiliza. Kufika jioni masikio yalikuwa yanalia yenyewe na nilikuwa mweupe mpaka kope. Nilipofika nyumbani, Sifa, binti yangu, aliyekuwa bado mdogo sana, aliniona akakimbia.

Siku ya pili Mzee alishika mkono wangu akauweka chini ya mdomo wa mashini, pale unga unapotokea.

"Bunga inaunguza?"

"Haiunguzi, Mzee."

"Siku itaunguza, umekaza zaidi. Legeza. Usiulize muntu, hata mi usiniulize."

Hilo ndilo somo kubwa nililopata, na sijui kama nimewahi kulipita. Vyombo alivyonipa vilikuwa vichache: ufunguo wa bulo, yaani bolti, uliofungwa mpira kwenye mpini, turnevisi, ile bisibisi ndefu, ya kuweka sikioni ili usikie rulma, zile beringi, zinavyozunguka, kopo la grisi, na nyoya la bata la kufagia ndani. Mzee alisema nyoya la kuku halifai. Nimejaribu yote mawili na sikuona tofauti, lakini nilitumia la bata mpaka mwisho.

Kwa ambaye hajaifungua mashini ya mihogo, nieleze. Ndani kuna vyuma viwili vya mviringo vilivyochongwa mifereji. Kimoja kimesimama, kingine kinazunguka. Tunaviita meno. Kwa nje kuna visi, skrubu kubwa yenye mpini. Ukiikaza, meno yanakaribiana na unga unakuwa laini. Ukiilegeza, yanaachana. Kazi yote iko kwenye mpini ule. Mengine ni kubeba na kupiga chafya.

Na sasa niseme juu ya bamama, wateja wetu, kwa sababu bila hilo habari yenyewe haitaeleweka. Mama wa hapa Baraka anakuja na mihogo yake mikavu ndani ya beseni, amepanga mstari, amengoja. Anataka unga wa mihogo yake mwenyewe, si wa mwingine. Ana haki. Huyu ameloweka mihogo vizuri ikatoka myeupe, yule ameharakisha na yake inanuka. Kwa hiyo mihogo yake ikiisha mdomoni mwa mashini, hatoki. Anapiga sanduku la mashini kwa kiganja, pa, pa, pa, na kusema, "Kaza, Mama Sifa, iko ingine. Kaza." Na msagaji anakaza, mashini ikiwa tupu, meno yanagusana chuma kwa chuma, mpaka kiganja cha mwisho cha unga kianguke. Mzee Etabo alifundishwa hivyo, akanifundisha hivyo. Nilifanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyeona ubaya.

Mzee aliacha kazi magoti yalipomkataa, akapanda milimani, Fizi, kwa ndugu yake kulima maharagi. Nikabaki mi mkubwa wa mashini, kama hilo ni jina la cheo. Muda si mrefu baadaye, Yaya akaja.

Alikuja na mashua kutoka upande wa Kazimia, amefungwa ndani ya bashi, yaani turubai, kama mgonjwa. Waliomleta walikuwa watu wa mradi fulani. Jina la mradi silikumbuki vizuri na sitaki kubahatisha. Walimsimamisha mbele ya mashini, watu wakajaa. Alikuwa na urefu kama wangu, kichwa bila mdomo, macho mawili ya kioo, sauti inatoka kifuani. Sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa mikono, vidole vyembamba na viganja vya mpira mweusi. Chakula chake kilikuwa jua, kutoka kwenye plaki za sola zilizowekwa juu ya bati letu.

Papa Wilondja, prezida wa koperative yetu, aliwauliza, "Atasaga?"

Wakasema hapana.

"Atabeba mifuko?"

Hapana.

"Basi kazi yake iko nini?"

Wakaeleza kwamba hakutengenezwa kwa kazi ya watu. Ametengenezwa kusaidia mashini wenzake: kuzishika, kuzisikiliza, kujua ipi inachoka kabla haijaanguka, na kumpa mwenzake nguvu kutoka kifuani mwake kama plaki hazitoshi.

Mama mmoja kwenye mstari akasema, "Kumbe ni yaya." Watu wakacheka, na jina likabaki. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, yule anayebeba wadogo mgongoni mama akiwa shambani. Huyu alikuwa wa mwisho kufika, lakini hakuna aliyeona jina limekosea.

Kila asubuhi Yaya alianza kwa kuamkia mota. Aliweka kiganja juu yake, akaisikiliza. Kisha mashini ya mihogo, kisha ya mpunga. Kisha akaniambia, "Umeamkaje, Mama Sifa," kwa Kiswahili cha redio. Juma la kwanza nilikasirika. Baadaye nilizoea kuwa wa nne.

Siku moja tukiwa hatuna wateja nilimwuliza kwa nini walimpa mikono kama yetu, wakati angeweza kupewa chochote.

"Wenzangu wote walitengenezwa kwa ajili ya mikono," akasema. "Mpini, visi, kifuniko, kamba ya kuvutia. Ningekuja bila mikono, ningewashika na nini?"

Nimefikiria jibu hilo mara nyingi nikikoroga bugali.

Lakini nisimsifu kupita kiasi. Kuna asubuhi alizuia mota isiwake kwa sababu alisikia mlio mbaya, tukafungua kila kitu, bamama wanangoja juani, na mlio ulikuwa kikombe changu cha chai kikitetemeka juu ya ubao. Na kuna siku mama mmoja alianguka kwenye mstari kwa joto. Wote tulikimbia na maji. Yaya alimruka akaenda kuutazama mkanda wa mota. Nilimwuliza baadaye kama haoni haya. Akasema, "Ninyi mlikuwa wengi mnaomtazama. Mkanda haukuwa na mtu." Sikufurahi, na mpaka leo sijafurahi.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Mwaka ule mvua zilizidi na njia ya kwenda Uvira ilikatika. Meno ya akiba yalikuwa yameisha. Tuliagiza mengine, yaje kwa mashua kutoka kusini, na hakuna aliyejua mashua itafika lini. Ilikuwa wakati mihogo ni mingi. Bamama walitembea kutoka Lweba na beseni kichwani na mtoto mgongoni. Mashini nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa ile ndogo ya upande wa bandari, na mstari wake ulifika ziwani.

Asubuhi moja Yaya alifungua sanduku, akafagia meno kwa nyoya langu, akapitisha kidole. "Mama Sifa," akasema, "yamebaki membamba kama kucha."

Nikasema yatavumilia mpaka mashua ije.

Alichukua kipande cha sumaku kilichotoka kwenye redio iliyokufa, akakipitisha juu ya unga uliobaki kwenye sakafu. Kikatoka na ndevu nyeusi za chuma. "Huu si muhogo," akasema. "Huu ni yeye."

Nilitazama ndevu zile muda mrefu. Nilifikiria miaka yote ya kukaza, na bugali wote tuliokula. Yaya akanieleza kwamba meno yakiisha kabla mashua haijafika, chuma kinachozunguka kitaanza kula ukuta wa mashini yenyewe, na hapo hata meno mapya hayatasaidia kitu. "Kusaga mihogo hakumwumizi," akasema. "Anaumia pale mnapomkaza akiwa mtupu."

Niliwaambia bamama siku hiyo, kwa upole, wasipige sanduku. Walisema "ndiyo" wote, kisha wakapiga.

Siku ya soko ndipo ugomvi ulipofika. Zamu ilikuwa ya Mama Bitondo, anayepikia watu wa mashua kule ufukweni. Mama Bitondo ana mdomo, yeye mwenyewe anajua, na nikimsomea hii hatakataa. Mihogo yake ilikuwa myeupe kuliko ya wote siku ile. Hilo nalo niliandike. Ikaisha. Akapiga sanduku, pa, pa, pa.

"Kaza, Mama Sifa."

Kabla sijanyoosha mkono, Yaya alikuwa ameshika mpini wa visi. Hakuusogeza popote. Aliushika tu.

"Mama Sifa, ambia mutoto wako atoe mukono."

"Si mutoto wangu."

"Basi ni wa nani? Si anakaa kwako?"

Yaya akasema, "Mama, kilichobaki ni kidogo. Ukikaza, meno yanajila yenyewe."

Mama Bitondo akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "We unakulaka bugali?"

"Hapana."

"Njo maana."

Mstari wote ukacheka. Mama Bitondo akafunga kitenge vizuri, akashika mpini kwa mikono yake miwili, akavuta. Yaya hakumsukuma, wala hakumwachia. Nilisikia mpira wa kiganja chake ukilia juu ya chuma. Mota ilikuwa inaunguruma, vumbi la unga limejaa, na nyuma watu wakaanza kusema maneno ambayo sitayaandika.

Papa Wilondja akaitwa, akafika anahema. Hakumtazama Yaya, alinitazama mi. "Mama Sifa, hapa we njo mukubwa. Amua. Amuachilie huyu mama akaze bunga yake, ao tumurudishe mu mashua, aende kulea mashini za kwingine."

Ninasema ukweli, sikujua. Nilitazama beseni la Mama Bitondo: unga ulikuwa wake, alilima, aliloweka, alianika. Nilitazama sanduku la mashini. Wote wawili walikuwa na haki na mi nilikuwa mmoja. Nikafanya kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Nilizima mota.

Kama hujafanya kazi mahali penye mota, hujui kimya kile. Watu waliokuwa wanapiga kelele walijisikia wenyewe, wakaona haya.

Nikafungua sanduku. Nikaufagia unga uliobaki kwa nyoya mpaka juu ya sahani, nikamwonyesha Mama Bitondo.

"Ni hii tu?" akasema.

"Ni hiyo."

"Mi nilikuwa nafikiri iko mingi." Akaigeuza kwa kidole. "Miaka yote tunapigania hii?"

"Ni yako lakini," nikasema, kwa sababu ilikuwa yake.

"Ni yangu. Sasa utamufungulia kila mama vile? Tutalala hapa."

Yaya akasema kwamba kama mama anayefuata atamimina mihogo yake mara moja, bila kungoja, meno hayatakuwa matupu hata kidogo, na unga wa kwanza utasukumwa na wa pili.

"Na mi nikule bunga ya Mama Bitondo?" akasema aliyefuata.

"Afazali ukule yangu kuliko mi nikule yako," Mama Bitondo akasema, na watu wakacheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Kisha akaitazama tena ile sahani. "Ile ya katikati," akasema, "ile ya mwisho yangu na ya kwanza yako. Tuiweke pembeni. Beseni yake yenyewe. Hakuna mutu anakula ya mwenzake."

"Na nani anakula ya pembeni?"

Mama mmoja mzee wa Lweba, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake, akasema, "Kule ku maternité iko bamama banalala bila ndugu wa kubapikia. Bale habachague."

Mama Bitondo akamgeukia. Nilidhani atamjibu vibaya. Akasema, "Mi nilizalia kule mara mbili, bwana yangu akiwa Lulimba anachimba. Nilikula bunga ya kila rangi." Akachukua sahani niliyokuwa nimeshika, akaimimina ndani ya beseni tupu, akaisukuma kwa mguu mpaka karibu na mdomo wa mashini. "Washa mota."

Hivyo ndivyo beseni la katikati, la bamama wa maternité, lilivyoanza. Papa Wilondja baadaye alisema wazo lilikuwa lake. Mi sikumbuki hivyo, lakini alikuwa amesimama karibu, na labda alisema kitu ambacho sikusikia. Si wote waliokubali pia. Kuna waliosema tumeanzisha zaka bila kanisa, wakahamia mashini ya bandari. Siwalaumu. Aliyelima kwa jembe anaujua uzito wa kiganja kimoja cha unga.

Jioni ile Yaya alikuwa ameshika mota kama kawaida, nikaona anaishika kwa mkono mmoja tu. Mpira wa kiganja cha pili ulikuwa umechanika kutoka kidoleni mpaka kwenye kifundo, nyaya zinaonekana.

"Nani anakutazamaka wewe?" nikamwuliza.

"Hawakumtengeneza."

"Walisahau?"

"Labda waliona ninyi mnatosha."

Sikuwa na mpira wa aina yake. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu, nikasafisha, nikapaka gundi, nikaufunga kwa waya mwembamba mahali ambapo hautamzuia kukunja vidole. Haikuwa kazi nzuri. Alifungua na kufunga mkono mara kadhaa, kisha akauweka juu ya mashini ya mihogo, akasema bado anasikia. Tangu siku hiyo nilikuwa namtazama mikono kila juma, kama nilivyotazama rulma, na nyinyi mliobaki msiache. Hatasema mwenyewe. Hakufundishwa kusema.

Meno yalivumilia. Mashua ilifika asubuhi ya upepo, na Yaya na mi tukaweka meno mapya pamoja, yeye akishika, mi nikikaza bulo. Nilidhani bamama watarudi kwenye kupiga sanduku, maana sasa chuma kilikuwa kinene. Baadhi walirudi. Mama Bitondo hakurudi, na kwa sababu yeye hakurudi, wengi waliona haya kurudi.

Mengine ya miaka iliyofuata yalikuwa kazi tu: mvua, mazutu yenye maji, panya kwenye mpunga. Nilipoacha kazi walinipa kitenge na soda, na Papa Wilondja alisema maneno marefu. Yaya hakuja kusimama na wengine. Mota ilikuwa na homa siku hiyo. Sikukasirika. Tuseme nilikasirika kidogo.

Leo, baada ya mvua, nimekwenda kule mara ya kwanza kama mteja. Nimepanga mstari na beseni langu. Neema alitaka kunipitisha mbele, nikakataa. Zamu yangu ilipofika, mihogo yangu ikashuka, unga ukatoka, nikaweka mkono chini yake: haukuunguza. Neema anafanya vizuri kuliko nilivyokuwa nafanya mwaka wangu wa kwanza, na hilo si sifa ya bure.

Kisha mihogo ikaisha. Nikasimama pale. Nilijua kilichobaki ndani ni kiasi gani, nimekiona kwa macho yangu juu ya sahani. Na bado mkono wangu ulipanda wenyewe, ukapiga sanduku, pa, pa. Mihogo ile niliilima mi mwenyewe tangu niache kazi, mgongo bado unauma.

Yaya alikuwa upande wa pili. Aliweka kiganja juu ya mpini wa visi.

"Imetosha, Mama Sifa," akasema.

Mama wa nyuma yangu alikuwa tayari anamimina. Nikatazama unga wangu wa mwisho ukiangukia beseni la katikati, mpaka ukabadilika rangi na kuwa wa mwingine. Nikajitwika mzigo wangu, nikapanda nyumbani.

Jioni Sifa amepika. Tumekula bugali, mboga za lengalenga na visamaki vya ndakala vya kukaanga, sisi wanne, mi na Sifa na watoto wake wawili wanaokula kama wakubwa. Bugali ulikuwa laini, hauna mchanga. Ulipungua kidogo. Nilikwangua sufuria nikawapa watoto, na hakuna aliyeuliza ule uliopungua umekwenda wapi.